Jinsi ya kuiwekea bima ya SHA kaya isiyo na mshahara, kutoka usajili hadi kulazwa

Swali ninaloulizwa kuliko yote nikiwa kwenye ziara za nyumbani ni hili: "Mimi nishajisajili SHA, mbona hospitali wamenitoza?" SHA ni mamlaka inayosimamia bima ya afya ya jamii hapa Kenya, na jibu la swali hilo ndilo linalobeba mwongozo huu wote. Usajili unakufungulia mlango wa zahanati na kituo cha afya. Kulazwa, kupasuliwa, kujifungua na kusafishwa damu kunataka mchango uwe umeshalipwa, na kwa mtu asiye na mshahara mchango huo ni wa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Kati ya kusajiliwa na kulipiwa kuna kazi ambayo hakuna anayewaeleza watu siku wanayopangwa foleni chini ya mwembe na kubonyezewa simu harakaharaka.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii upande wa Msambweni, Kaunti ya Kwale, mmoja wa wale laki moja tuliozinduliwa mwaka 2023 na kupewa mikoba na simu. Kila mmoja wetu ana kaya kama mia moja za kuangalia. Naandika kwa mhudumu mwenzangu, kwa mweka hazina wa chama cha kuchangiana pesa, kwa imamu au mchungaji mwenye orodha ya wajane, na kwa mtoto aliye Mombasa au Nairobi anayetaka wazazi wake kijijini wasiuze mbuzi kila mtu anapolazwa. Mwenye mshahara hanihusu hapa. Yeye anakatwa asilimia 2.75 na mwajiri wake, mambo yamekwisha.

Kwanza uelewe pesa zinatoka wapi. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliiondoa NHIF, bima ya taifa ya hospitali iliyokuwapo tangu 1966, na SHA ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Ndani ya SHA mna mifuko mitatu. Wa afya ya msingi unagharamiwa na serikali na unalipia matibabu ya vituo vya ngazi ya 2 na 3, yaani zahanati na vituo vya afya, vyenye mkataba. Hapo mgonjwa hatoi kitu mradi amesajiliwa. Wa pili ni SHIF, mfuko wa bima ya afya ya jamii, ndio huu tunaouchangia. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu, na huingia pale kiwango cha SHIF kinapomwishia mgonjwa, kama wa saratani. Ukimweleza mtu wa kijijini usimchoshe na majina ya mifuko. Mwambie hivi: "Zahanati, usajili unatosha. Ukipelekwa hospitali kubwa ukalazwa, lazima uwe umelipa mwaka." Atakuelewa.

Andika kaya kabla hujashika simu

Boma moja kwetu laweza kuwa na nyumba nne: ya mzee, ya kijana aliyeoa, ya binti aliyerudi na watoto wake, na chumba cha mpwa anayeendesha bodaboda. Hiyo si kaya moja. Mimi huuliza nani wanapika chungu kimoja, halafu naangalia sheria inasema nini, maana chungu na sheria havilingani kila mara. SHA inamtambua mchangiaji, mwenzake wa ndoa na watoto wanaomtegemea. Wazazi hawaingii chini ya mtoto wao mtu mzima, hata kama ndiye anayewalisha. Hapa ndipo watoto wengi walioko mjini hushangaa: kulipa kwako kazini hakumfuniki mama yako. Mama ni kaya yake, anasajiliwa peke yake, na anapimwa peke yake.

Kuna pia bibi wanaolea wajukuu. Mtoto hafuati mahali anapolala, anafuata aliyemsajili. Kama mama yake yuko Ukunda na amelipa, mtoto ana bima hata akiwa kwa bibi. Kama mama yuko Ukunda na hajasajili mtu, utamlipia bibi na siku mjukuu akishikwa na malaria kali ya kulazwa mtarudi pale pale. Kwa hiyo mpigie mama simu siku hiyo hiyo, ukiwa bado umekaa kwenye mkeka wa bibi, asipate nafasi ya kusema atafanya kesho.

Kusanya vitambulisho vya watu wazima wote, namba za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na namba ya simu inayopatikana. Hili la simu watu hulichukulia kirahisi. Kaya nyingi zina simu moja, na laini yenyewe imesajiliwa kwa jina la mtoto aliyehama zamani. Ujumbe wa kuthibitisha ukiingia kwenye laini iliyoko Malindi, kazi imekwama. Mtafutie mtu laini yake kwanza. Asiye na kitambulisho mwanzie kwa chifu, hakuna njia ya mkato.

Kisha sajili kwa *147#, kwa tovuti ya Afya Yangu, kituo cha afya, Huduma Centre (ofisi ya huduma za serikali) au kwa mhudumu wa afya wa eneo. Mume na mke kila mmoja asajiliwe kwa kitambulisho chake, ndipo waunganishwe, halafu watoto wafuate. Usajili hauna ada. Kijana wa saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti, akitoza anatoza kazi yake ya kubonyeza, na hilo mwambie mwenyewe kabla hajatoa pesa, kwa sababu wapo watu wanaoamini kuwa ile hamsini waliyotoa saiba ndiyo bima.

Maswali ya uwezo

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo watu wanapopita mbio. Asiye na mshahara hana payslip, kwa hivyo serikali inakadiria pato lake kwa maswali: paa ni la nini, ukuta na sakafu je, maji mnachota wapi, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, taa ni ya nini, mna mifugo, mko wangapi. Majibu yanaingia kwenye hesabu, na kinachotoka ni kiasi cha kulipa kwa mwaka.

Nikuonyeshe inavyokwenda. Nimekaa na bibi mmoja anayesuka makuti ya kuuza. Paa lake mwenyewe ni la mabati.

"Bibi, mabati haya umenunua wewe?"

"Mwanangu, mimi nitoe wapi? Kaleta binti yangu nilipovujiwa."

Mashine haiulizi nani kaleta. Inauliza paa ni la nini, na jibu ni mabati. Lakini inauliza mengine pia, na hayo ndiyo ya kuyajibu kwa makini: sakafu ni udongo, maji ni ya kisima cha jirani, anapikia kuni, taa ni ya kibatari. Ukikimbilia kuandika mabati na kubahatisha mengine ukiwa umesimama mlangoni, umempandishia bei. Ingia ndani. Angalia sakafu kwa macho yako.

Kosa linalokuja upande wa pili ni la fahari. Mwanamume akiulizwa mbele ya majirani kama ana ng'ombe, atasema wako watano, kumbe ni wa kaka yake anawachunga tu. Kijana aliyetumwa kumjibia baba atataja televisheni iliyokufa tangu mwaka juzi. Mimi huuliza maswali mke akiwepo, na huuliza kwa sauti ya chini. Sisemi udanganye, anayeficha jokofu leo ataonekana nalo kesho, na wewe mhudumu ndiye utakayeitwa. Jibu kilichopo, siku hiyo, kwenye nyumba hiyo.

Hesabu yenyewe si ngumu kuielewa. Kiwango ni asilimia 2.75 ya pato, na hakishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kaya ikikadiriwa kupata shilingi 20,000 kwa mwezi, mchango ni 550, yaani 6,600 kwa mwaka. Ya 15,000 inalipa 412.50, yaani 4,950 kwa mwaka. Ya 10,000 ingelipa 275, lakini inapandishwa hadi 300, yaani 3,600. Na ya 5,000? Ni 3,600 vilevile, ambayo kwake ni asilimia sita ya pato. Mimi sioni haki hapo. Asilimia ilitajwa ili kila mtu atoe kwa uwezo wake, lakini ukiweka kima cha chini, maskini kabisa ndiye anayebanwa kuliko wote. Kaunti ya Makueni walipoanzisha bima yao ya afya, MakueniCare, mwaka 2016, kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Hiyo mtu wa kusuka makuti anaitafuta akaipata.

Kiasi kikija kikubwa kuliko hali ya nyumba, usikate tamaa wala usimwache mtu aondoke akidhani ndiyo basi. Pitia majibu yaliyoingizwa, kwani mara nyingi kuna moja lililobonyezwa vibaya. Kisha nenda ofisi ya SHA ya kaunti uombe mapitio, na ubebe barua ya chifu inayoeleza kaya inaishi kwa nini.

Kuitafuta elfu tatu mia sita

Wakati wa NHIF asiye na mshahara aliweza kulipa 500 kila mwezi. Sasa ni mwaka wote mbele. Mtu anayepata pesa kwa siku huwa hana elfu tatu mia sita mkononi kwa wakati mmoja, na akiwa nazo kuna karo inayongoja. Kwa hiyo kazi ya anayesaidia kaya maskini, kwa maoni yangu, asilimia kubwa ni kupanga hizi pesa. Usajili ni wa alasiri moja tu.

Njia inayofanya kazi vizuri kuliko zote nilizoona ni chama. Kaya kumi na mbili, kila moja inatoa 300 kwa mwezi. Hiyo ni 3,600 kila mwezi, yaani kila mwezi kaya moja inalipiwa mwaka wake mzima. Baada ya mwaka wote wamelipiwa, na zamu inarudi kwa wa kwanza muda wake unapokwisha. Aliyekadiriwa 4,950 anaongeza tofauti ya 1,350 mwenyewe zamu yake ikifika. Msikubali wenzake wambebee, ndipo ugomvi huanzia.

Udhaifu wake uko wazi: wa mwisho anakaa miezi kumi na moja bila bima huku akichanga. Basi msipige kura ya zamu. Panga kwa hatari: wajawazito kwanza, wenye kisukari na presha baadaye, halafu wenye watoto wachanga, vijana wenye nguvu mwisho. Semeni hivyo wazi siku ya kwanza na muandike. Na pesa zisipitie mfukoni mwa mtu. Mweka hazina alipe kwa *147# kwa namba ya kitambulisho ya mwenye zamu, kikao kikiwa kimekaa, na ujumbe wa malipo usomwe kwa sauti. Mweka hazina mwaminifu hatakasirika akiombwa kusoma.

Asiye na chama aweke 70 kwa wiki. Wiki 52 zinampa 3,640. Mjamzito ana muda mfupi zaidi. Zamani Linda Mama, mpango wa serikali wa uzazi wa bure, ilimlipia hata kama hakuwa na bima yoyote, lakini sasa gharama ya kujifungua iko SHIF, ambako asiyechanga hana chake. SHIF inalipa shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Kwa hivyo mama akija kliniki ya kwanza na mimba ya miezi mitatu, mimi humwambia pale pale: 140 kwa wiki, wiki 26, na umefika kabla ya uchungu. Humwambia mbele ya mume kama yupo, kwa sababu ndiye mara nyingi anayeshika pesa.

Wavuvi nawafuata msimu wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia na samaki wanapatikana. Ukimwendea mvuvi wakati wa kusi, wiki nzima hajatoa mtumbwi, unamwongezea mawazo bure. Mwenye mikorosho mfuate wakati wa korosho. Kalenda ya SHA haijui mambo haya, lakini wewe unayajua.

Upo pia mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo mchango wa mwaka unalipwa kwa mkopo, nawe unarudisha kidogokidogo. Unawafaa wenye kipato cha kila siku kama bodaboda na mama mboga. Lakini ni mkopo. Uliza kabla ya kukubali utarudisha jumla ya ngapi na ukikosa wiki mbili kunatokea nini, na kama mtu tayari ana madeni ya simu, mimi simshauri.

Asiyeweza kabisa

Kuna kaya ambazo hata 70 kwa wiki ni mzaha. Mzee anayepokea Inua Jamii, pesa za serikali za kuwasaidia wasiojiweza, anapata 2,000 kwa mwezi, pesa zinazokuja zikichelewa. Mchango wa mwaka ni karibu miezi miwili ya hizo. Kwa hawa kuna njia ya kufadhiliwa. Mwaka 2025 serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza, na zipo kaunti, wabunge na wahisani wanaolipia kaya kwa orodha.

Kosa ni kungoja orodha ikukute. Kaya ambayo haijajibu maswali ya uwezo haina rekodi popote inayoonyesha kuwa ni maskini. Maliza usajili na tathmini ya wasiojiweza kabla ya wote, halafu weka orodha yako: jina, namba ya kitambulisho, kiasi kilichokadiriwa, na sababu kwa maneno machache ("anafua makumbi, ana wajukuu watatu, mguu umekatwa"). Nakala moja kwa chifu, moja kwa msimamizi wako wa kituo cha afya, moja kwa mwakilishi wadi. Mhisani akija msikitini au kanisani akiuliza "niwasaidieje," mpe majina manne yenye kiasi kamili. Watu hutoa upesi wakiona 3,600 na jina kuliko wakiambiwa "wasaidie maskini".

Kisha hakikisha kwa *147# kuwa malipo yameingia. Nimeona picha zikipigwa, hotuba zikatolewa, na miezi baadaye mgonjwa akaambiwa hajalipiwa.

Siku ya hospitali

Anza zahanati au kituo cha afya, hata kama bima imelipwa. Matibabu ya kawaida hapo ni bure, na ukipewa barua ya rufaa unaingia hospitali kubwa kwa njia iliyonyooka. Anayevuka moja kwa moja hadi hospitali ya ngazi ya 4 kwa kikohozi ataambiwa alipe, na hataonewa.

Kabla ya kulazwa uliza mambo mawili dirishani: hospitali hii ina mkataba na SHA, na huduma hii nitaongeza ngapi mfukoni? Kwa kulazwa, SHA hulipa hospitali ya ngazi ya 4 shilingi 3,360 kwa siku. Hospitali ya umma kwa kawaida hutosheka. Ya binafsi huenda ikakudai nyongeza, na ni bora uijue ukiwa bado umesimama. Dawa zikikosekana utatumwa duka la nje. Kuna hospitali moja iliyowahi kumtuma mgonjwa wangu akanunue hadi glavu, na bima yake ilikuwa hai kabisa. Ikikupata hiyo, weka risiti na upeleke malalamiko SHA; usigombane na muuguzi, si yeye anayeagiza glavu.

Utambulisho hufanywa kwa alama za vidole, na hapa wazee wetu hupata taabu. Mtu aliyefua makumbi au kuvuta nyavu miaka arubaini, vidole vimekwisha mistari. Mashine inakataa, karani anakunja uso, foleni inanung'unika. Mfutie vidole kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, vikauke, jaribu kidole gumba cha mkono wa kushoto, halafu cha pete. Mikono isiyotumika sana huwa na alama nzuri zaidi. Ikishindikana, omba wakutambue kwa njia nyingine kwa kitambulisho, na usikubali jibu la "rudi kesho" kwa mtu anayetapika damu.

Ikiwa ni dharura, kumbuka kifungu cha 43 cha Katiba: hakuna anayenyimwa matibabu ya dharura. Kiseme kwa adabu, ukitaja namba. Na kama mgonjwa hana bima na bili imeshakuwa milima, muulizie afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali ya umma siku ya kwanza, si siku ya kuruhusiwa. Yeye ndiye huandika ripoti ya kuomba msamaha wa bili, na anahitaji muda wa kupiga simu kwa chifu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilisema kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kinyume cha sheria. Hilo halifuti deni, ila mnaweza kukubaliana mtalipaje mgonjwa akiwa nyumbani.

Mama akijifungua, usiondoke bila notisi ya kuzaliwa ya mtoto. Mtoto mchanga haongezeki mwenyewe kwenye bima ya mama. Mwongezee wiki hiyo hiyo, wakati karatasi bado ziko ndani ya mfuko mmoja na kadi ya kliniki.